UZI: Dola ni nini, na lilifikaje hapa Uasin Gishu?

1/
Mjadala wa siasa ukichacha humu, haichukui muda kabla mtu hajaandika moja ya sentensi hizi tatu.

"Hii nchi ilichorwa na mkoloni, haina maana."
"Sisi tulikuwa hapa kabla ya serikali."
"Kaunti yetu ijitenge, tutajisimamia."

Zote tatu zinazunguka swali moja ambalo hatuliulizi: dola ni nini, na huwa linatokea wapi? Mimi ni mwanafunzi wa sayansi ya siasa, nyumbani ni Plateau, nje kidogo ya Eldoret. Leo nataka tulijibu kwa historia ya uwanda huu huu. Kama kawaida ya nyuzi zangu, sitaji mwanasiasa yeyote wala chama. Twende.

2/
Tuanze na maneno, maana nusu ya vita vya humu ni vya maneno.

Nchi ni ardhi: mlima, mto, shamba.
Taifa ni watu wanaojiona kuwa wamoja.
Serikali ni wale wanaoshika ofisi kwa sasa.
Dola (sio ile ya Marekani ya kubadilisha forex) ni chombo kinachobaki wakishatoka: mipaka, sheria, mahakama, jeshi, hazina, na madeni.

Mfano rahisi. Serikali ikibadilika baada ya uchaguzi, deni la nje halifutiki. Mkopaji alikuwa dola. Ndiyo maana unaweza kuichukia serikali na bado ukadai pasipoti ya dola.

3/
Hata maneno yenyewe yalisafiri. "Serikali" lina asili ya Kiajemi. "Dola" na "taifa" yametoka Kiarabu. Kwa matumizi ya kila siku Kenya, "serikali" limemeza yote: chifu ni serikali, barabara ni serikali, askari wa trafiki ni serikali. Ndio maana mtu akikasirikia gavana anaandika kwamba Kenya imekufa. Tulia kwanza. Umekasirikia kiungo gani?

4/
Sasa maana ya kitaalamu. Desemba 1933 nchi za bara la Amerika zilikutana Montevideo, Uruguay, zikakubaliana kwamba dola linahitaji vitu vinne:

- wakazi wa kudumu
- eneo linalojulikana
- serikali
- uwezo wa kuhusiana na madola mengine

Miaka kadhaa kabla ya hapo, mwaka 1919, Mjerumani Max Weber alikuwa ameitazama kwa upande mwingine: dola ni lile linalofaulu kudai kwamba ndani ya eneo lake, ni lenyewe tu lenye haki ya kutumia nguvu au kuruhusu zitumike.

Ebu angalia tena hiyo orodha. Hakuna mahali imeandikwa kwamba watu waliulizwa. Shika hilo, tutalirudia.

5/
Kabla ya kufika kwetu, tuzike uongo mmoja: ati Afrika Mashariki haikuwa na madola hadi Mzungu alipokuja.

Buganda ilikuwa na Kabaka, Katikiro kama waziri mkuu, masaza yenye wakuu wao, barabara na jeshi. Bunyoro na Rwanda vilevile. Pwani kulikuwa na miji kama Kilwa, iliyotengeneza sarafu zake yenyewe karne nyingi kabla ya Mreno kuonekana. Hapa jirani, Wanga walikuwa na Nabongo. Hayo yalikuwa madola, ukipenda usipende.

6/
Lakini si kila jamii iliyopangika ilikuwa dola, na hapo pia tusidanganyane.

Wanandi hawakuwa na mfalme. Mambo ya kijiji yaliamuliwa na baraza la kokwet. Juu yake kulikuwa na pororiet, eneo lililoandaa wapiganaji wake. Orkoiyot alikuwa kiongozi wa mambo ya imani na utabiri, na vita kubwa ilihitaji baraka yake. Hakuna aliyekusanya kodi ya mwaka, hakuna jela, hakuna karani.

Je, walikosa utaratibu? Hapana. Walikosa dola. Watu wakiweza kuamua kesi, kulinda mifugo na kupigana bila karani, karani wa nini?

7/
Na uwanda wenyewe? Simulizi za hapa zinawataja Wasirikwa, na mashimo yanayohusishwa nao bado yanaonekana sehemu nyingi za Bonde la Ufa. Baadaye walikuwa Wamaasai wa kundi la Uasin Gishu, ndio walioacha jina. Hao walivunjwa na vita vya Wamaasai wenyewe kwa wenyewe katika karne ya 19. Baada yao, Wanandi walichunga ng'ombe wao hapa.

Kwa hivyo kaunti hii ina jina la watu walioondolewa kwa vita kabla hata Mwingereza hajafika. Nitarudi hapo kwenye sentensi ya pili.

8/
Sasa angalia dola la kisasa lilivyofika. Kitu cha kwanza kuja kilikuwa mstari kwenye karatasi.

1888: kampuni ya biashara ya Waingereza inapewa hati ya kutawala eneo hili. Ndiyo, kampuni.
1894: Uganda inatangazwa kuwa chini ya ulinzi wa Uingereza.
1895: kampuni imeishiwa, serikali ya Uingereza inachukua na kutangaza himaya ya Afrika Mashariki.

Mpaka ulipita wapi? Hapa tulipo tulikuwa Uganda. Naivasha ilikuwa Uganda. Kisumu ilikuwa Uganda. Mwaka 1902 London iliamua reli yote iwe chini ya utawala mmoja, ikahamisha jimbo la mashariki la Uganda likaingia upande huu. Watu walilala Uganda wakaamka upande wa pili, na ng'ombe hawakusonga hata hatua moja.

9/
Mwaka uliofuata, 1903, waziri wa makoloni wa Uingereza aliwapa viongozi wa harakati ya Kizayuni sehemu ya uwanda huu wawaweke Wayahudi waliokuwa wakiteswa Ulaya Mashariki. Mkutano wao wa Basel, Uswisi, ulibishana vikali. Watu watatu wakatumwa kuja kukagua, na mwaka 1905 mkutano uliofuata ukakataa.

Vitabu mpaka leo vinauita "Mpango wa Uganda", ingawa eneo lenyewe lilikuwa limeshatolewa Uganda. Mstari ulihama haraka kuliko jina.

Hakuna kokwet iliyoulizwa. Ardhi ilitolewa kama zawadi kutoka ofisi iliyo London, ikajadiliwa Basel, ikarudishwa. Hivyo ndivyo eneo "linalojulikana" lilivyokuwa linajulikana.

10/
Mstari bila nguvu ni wino tu. Hapo Weber anaingia.

Reli ilianza Mombasa 1896 na kufika Ziwa Victoria 1901, ikipita pembeni mwa nchi ya Wanandi. Wanandi walichukua nyaya za telegrafu wakafanya mapambo, na vyuma vya reli wakafua silaha. Waingereza waliita wizi. Ukisoma kwa jicho la siasa, unaona pande mbili ambazo hakuna hata moja iliyokubali kwamba nyingine ina haki ya kuamuru. Kutoka 1895 hadi 1905, askari walitumwa mara kadhaa, na kila mara mambo yakaanza upya.

11/
Tarehe 19 Oktoba 1905, Orkoiyot Koitalel arap Samoei alikutana na afisa wa Kiingereza, Richard Meinertzhagen, kwa kile kilichoitwa mazungumzo ya amani. Meinertzhagen alimpiga risasi akafa. Wanandi wakashindwa, mifugo ikachukuliwa, wakasukumwa mbali na reli hadi kwenye eneo la hifadhi. Fimbo za Koitalel zilipelekwa Uingereza, zikarudi Kenya 2006.

Nataka tuelewe maana yake kwa dola. Kuanzia hapo, uwanda huu ulikuwa na mwenye nguvu mmoja tu. Kwa kipimo cha Weber, dola lilikuwa limefika. Kwa kipimo cha haki, ndio uamue mwenyewe.

12/
Halafu kodi. Kodi ya nyumba ilianza kutozwa katika himaya hii kuanzia 1901, kila nyumba, kwa rupia. Rupia mchungaji wa ng'ombe ataitoa wapi? Auze mnyama au akafanye kazi kwa mzungu. Kwa hiyo kodi ilijaza hazina, na papo hapo ikazalisha vibarua.

Ilifanya na jambo la tatu: ililazimisha watu wahesabiwe. Huwezi kutoza nyumba ambayo hujaiandika. Mwaka 1902 ikaja sheria ya kuweka wazee wa vijiji wanaolipwa na serikali. Yule chifu tunayemkimbilia leo kutafuta barua ya kitambulisho, mizizi ya kazi yake iko hapo.

13/
Kisha ardhi ikakatwa vipande na kupewa namba. Makaburu kutoka Afrika Kusini walifika na mikokoteni ya ng'ombe mwaka 1908. Eldoret yenyewe ilianza kama posta kwenye shamba namba 64, na ndiyo maana mpaka leo mji unaitwa Sixty-Four. Jina la Eldoret lilikuja 1912.

Reli ya kutoka Nakuru ilifika Eldoret 1924 ikipita hapa kwetu. Hata "Plateau" ni neno la mchora ramani, maana yake uwanda wa juu. Watu hawaiti nyumbani "uwanda wa juu". Ni dola linaloita hivyo, likiangalia kutoka mbali.

Na mwanamume Mwafrika alitakiwa kubeba kipande, ndani ya kikebe cha chuma shingoni, kionyeshe amefanya kazi kwa nani. Dola lilimjua kama kibarua miaka mingi kabla halijamjua kama mpiga kura.

14/
Kama unadhani mipaka ilitulia hapo, pole.

1920: himaya inakuwa Koloni la Kenya.
1925: Jubaland inapewa Italia.
1926: upande wa Turkana unaondolewa Uganda na kuletwa Kenya.
Na ukanda wa pwani wa maili kumi, Mombasa ikiwemo, kisheria ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar hadi makubaliano ya Oktoba 1963, miezi miwili tu kabla ya uhuru.

Hiyo Kenya ya kwenye fulana, yenye umbo tunalolichora kwa kufumba macho, ilikamilika dakika za mwisho.

15/
Bado kitu cha nne kwenye orodha: kutambuliwa na wengine.

Tarehe 16 Desemba 1963, Umoja wa Mataifa ulipokea wanachama wapya wawili siku moja: Kenya na Zanzibar. Zote zilikuwa na watu, eneo, serikali na kiti.

Tarehe 12 Januari 1964, mapinduzi Zanzibar. Tarehe 26 Aprili 1964, muungano na Tanganyika. Kiti kilidumu miezi minne na ushee. Watu walibaki, kisiwa kilibaki, serikali ya ndani ilibaki, lakini kwa ulimwengu dola lilikuwa jingine. Kwa hiyo madola huzaliwa, huungana na pia huondoka. Si milima.

16/
Julai 1964, Cairo, viongozi wa Afrika walikubaliana kuheshimu mipaka waliyoikuta siku ya uhuru. Somalia na Morocco zilikataa.

Watu humu huuliza: kwa nini walinde kazi ya mkoloni? Tazama kilichokuwa kinaendelea kaskazini mwa Kenya. Tume iliyotumwa 1962 ilikuta wengi katika eneo lililoitwa NFD wakitaka kujiunga na Somalia. Hawakusikilizwa. Ikafuata vita ya Shifta hadi 1967, na sheria za hali ya hatari zikabaki huko hadi 1991. Viongozi waliona kwamba ukifungua mpaka mmoja, yote itafunguka. Walichagua amani ya ramani. Gharama ya amani hiyo ililipwa na watu wa kaskazini, na hatuwataji vya kutosha.

17/
Mfano mmoja wa jirani, kisha tufunge hesabu. Somaliland ilijitangaza tarehe 18 Mei 1991. Ina sarafu, polisi, chaguzi, bendera. Umoja wa Mataifa haujaipa kiti. Wakati huohuo Somalia ilikaa miaka bila serikali kuu inayofanya kazi, na kiti chake kikabaki chake.

Kumbe kuna dola la mtaani na dola la makaratasi. Ukiwa na moja bila jingine, unateseka.

18/
Sasa turudi kwenye zile sentensi.

"Hii nchi ilichorwa na mkoloni, haina maana."

Nusu ya kwanza ni kweli, nimeionyesha. Lakini karibu kila dola lilianza kwa vita, ndoa za wafalme au mikataba ya watu wachache. Ufaransa haikupigiwa kura na wakulima wake. Kama asili chafu inafuta dola, hakutabaki hata moja. Swali lenye uzito ni hili: tangu lilipofika, tumelilazimisha liwe letu kiasi gani? Kipande kilikuwa cha kumfuatilia mtu. Kitambulisho cha leo kinakupa kura. Lakini mwananchi akichujwa na kuhojiwa ukoo wake ndio akipate, kipande hakijafa.

19/
"Sisi tulikuwa hapa kabla ya serikali."

Hapa Uasin Gishu sentensi hii si mchezo. Baada ya uchaguzi wa 2007, zaidi ya watu 1,100 waliuawa nchini, na watu walichomwa ndani ya kanisa Kiambaa, karibu na Eldoret. Nilikuwa mtoto mdogo sana. Ninaandika hili nikijua nani anasoma.

Dhuluma ya ardhi iliyoanza na hifadhi na mashamba ya namba ni ya kweli. Wengine walinyang'anywa. Baada ya uhuru wengine walinunua kihalali kupitia kampuni na skimu za makazi, na aliyenyang'anywa akabaki akitazama. Hilo ni deni, na mwenye deni ni dola. Jirani aliyenunua ekari mbili hakumpiga risasi Koitalel.

20/
Na ukitaka kushinda kwa "nani alikuwa wa kwanza", kumbuka namba 7. Sirikwa, Maasai, Nandi, halafu Kaburu, halafu sisi sote. Ukirudi nyuma kuna mwingine kabla yako, na jina la kaunti ni ushahidi.

Ndiyo maana Katiba ya 2010 haikuuliza nani alitangulia. Kifungu cha 39 kinampa kila raia haki ya kuishi popote Kenya. Cha 40 kinamruhusu kumiliki mali popote. Na madai ya ardhi ya zamani yana kifungu chake, cha 67, kupitia tume ya ardhi. Polepole? Sana. Lakini ile njia nyingine tuliijaribu, na makaburi yapo.

21/
"Kaunti yetu ijitenge."

Kaunti 47 zinagawana angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa kwa mujibu wa kifungu cha 203. Kaunti haina jeshi, haina sarafu, haiwezi kutia saini mkataba na dola jingine. Ina vitu viwili na nusu kati ya vile vinne.

Sudan Kusini ilipata vyote. Vita viwili virefu, kura ya maoni Januari 2011 ambapo karibu asilimia 99 walitaka kutoka, uhuru tarehe 9 Julai, kiti cha Umoja wa Mataifa siku tano baadaye. Desemba 2013 vita ikazuka ndani kwa ndani. Walikuwa na adui mmoja wa pamoja, lakini hawakuwa wamekubaliana nani atabeba bunduki na nani atashika hazina. Kujitenga hakujibu hayo maswali. Kunayahamishia nyumbani.

22/
Basi jibu langu ni hili. Kwetu dola lilikuja likiwa limegeuzwa: mstari kwanza, bunduki pili, risiti ya kodi tatu, kiti cha Umoja wa Mataifa nne. Watu kukubali, kitu ambacho hakimo hata kwenye orodha ya Montevideo, ndicho kilikuja mwisho kabisa, na bado kinajengwa.

Kinajengwa wapi? Pale risiti ya kodi inapogeuka dawa kwenye zahanati. Pale mtu wa Garissa anapopata kitambulisho kwa siku zilezile kama mtu wa Eldoret. Pale polisi anapopeleka mtu kortini badala ya kumpoteza. Kila mara hayo yakishindikana, tunarudi 1905: mwenye nguvu yupo, mwenye haki hajulikani.

23/
Kwa hiyo ukiingia kwenye mjadala kesho, jiulize kabla ya kuandika: hasira yangu ni kwa serikali, ambayo naweza kuibadilisha kwa kura? Ni kwa dola, ambalo linahitaji katiba, mahakama na kelele za miaka mingi? Au nimechukua hasira ya dola nikamtupia jirani?

Wadau wa Turkana, pwani na kaskazini, nyinyi mstari uliwapitia vipi? Andikeni hapo chini jinsi wazee wenu wanavyosimulia, nitasoma yote. Matusi ya kikabila nafuta bila kujibu. Uzi ujao: kwa nini deni la taifa halifi hata serikali ikifa.